Adhabu, Tabia na Sharti: Maoni juu ya Istilahi za Saikolojia ya Mwanzo Vyuoni

Mtu anayeanza kufasiri somo la saikolojia ya mwanzo kwa ajili ya wanachuo aghalabu hujiandaa kupambana na maneno mageni. Hufungua kamusi akitafuta namna ya kuandika neva, homoni, skizofrenia na hata saikolojia yenyewe, na baada ya siku chache hutambua kwamba hayo si tatizo kubwa. Neno geni likishaandikwa kwa tahajia ya Kiswahili hukaa kimya mahali pake, likimngojea mwalimu alieleze. Linalosumbua ni neno la nyumbani. Tabia, akili, adhabu, fahamu, nafsi: haya kila mwanachuo anayajua kabla hajaingia darasani, na kila moja huja na hukumu yake iliyokwisha kukatwa msikitini, kanisani, barazani au jikoni. Katika makala haya tunakusudia kuyachambua machache kati ya maneno hayo, na kuonyesha kwamba baadhi ya istilahi zilizozoeleka hazimfikishi mwanachuo kwenye dhana iliyokusudiwa, na kwamba moja wapo humfikisha kwenye dhana iliyo kinyume kabisa.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, vizazi vya walimu wa shule hizo vimefunzwa kazi yao kwa Kiswahili, na saikolojia ya elimu imekuwa sehemu ya mafunzo hayo. Hata yule aliyelisoma somo hili kwa Kiingereza, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, mara nyingi hujikuta hana budi kulisema kwa Kiswahili siku anapokaa na mzazi, na mgonjwa, au mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo. Neno atakalolitumia siku hiyo laweza kumpeleka mtoto shuleni au kumbakiza nyumbani.

Tuanze na tabia. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig mwaka 1879 alitaka kuchunguza yale yapitayo ndani ya mtu, na mtu mwenyewe ndiye aliyeyaeleza. John B. Watson wa Marekani alikuja kuipinga njia hiyo katika tamko lake la mwaka 1913. Alidai kwamba saikolojia iache kuchungulia ndani, ishughulike na yale tu yanayoonekana na kupimika kwa nje: mnyama amekimbia, mtoto amelia, mkono umeondolewa motoni. Sasa, mafundisho hayo yameingizwa katika Kiswahili kwa neno tabia, nalo ni neno linaloelekea ndani moja kwa moja. Tabia ya mtu ni lile umbile la moyo wake lisilobadilika upesi. Twasema fulani ana tabia, na hatuhitaji kuongeza kuwa ni njema; twasema hana tabia, na kila mtu ameelewa kwamba amelaumiwa. Mwanachuo akiambiwa kwamba kulia kwa mtoto ni tabia, huwa tayari amekwisha kumhukumu mtoto. Watson alikuwa akikimbia jambo hilo hilo.

Sisi twaona kwamba neno mwenendo lingefaa zaidi kwa dhana ya jumla, na tendo kwa kipande kimoja kimoja kinachohesabiwa; kisha tabia libakizwe kwa sura ya nafsi ya mtu, ambako lina kazi kubwa. Tutajibiwa kwamba hata mwenendo lina harufu ya maadili, kwa kuwa ripoti za shule huviweka vyote viwili katika mstari mmoja, tabia na mwenendo. Ni kweli. Lakini mwenendo latokana na kwenda, na kwenda huonekana kwa macho. (Tangu wataalamu wa hali ya hewa walipounda tabianchi, neno hili la tabia limekuwa na mizigo ya kutosha bila sisi kuliongezea.)

Neno la pili lina historia ya kuvutia, nayo yafaa ielezwe kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa Kiswahili kina nafasi ya kufanya vizuri kuliko Kiingereza. Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa uyeyushaji wa chakula, aliona kwamba mbwa wake walitokwa na mate hata kabla ya kula, mara waliposikia au kuona kitu kilichozoea kutangulia chakula. Mate yanayotoka chakula kikiwa mdomoni hayategemea kitu kingine: mbwa amezaliwa nayo. Mate yanayotoka kwa mlio tu yanategemea sharti, yaani kwamba mlio huo umekuwa ukifuatana na chakula; sharti likiondolewa kwa muda wa kutosha, mate nayo hukoma. Neno la Kirusi alilolitumia Pavlov lilikuwa na maana hiyo hasa: chenye kutegemea sharti. Wafasiri wa Kiingereza, pamoja na Anrep katika tafsiri yake ya mwaka 1927, waliligeuza likawa na maana ya kitu kilichokwisha kufanyiziwa hali fulani. Tangu hapo walimu wa Kiingereza wamekuwa wakieleza istilahi isiyojieleza yenyewe.

Mfasiri wa Kiswahili anapolifuata neno la Kiingereza hupotea nalo. Huandika mwitikio uliozoeshwa, au vibaya zaidi, mwitikio ulioshurutishwa. Laiti angerudi kwa Pavlov angekuta kwamba neno linalotakiwa tumekuwa nalo siku zote. Sharti limetufikia kutoka Kiarabu, na Waarabu wenyewe, walipoifasiri saikolojia ya Pavlov, walilitumia neno hilo hilo. Mwitikio wenye sharti na mwitikio usio na sharti: mwanachuo akiyasikia maneno haya mara moja amepata nusu ya nadharia. Yeye ambaye amewahi kuomba mkopo wenye masharti hahitaji kufafanuliwa.

Hapa lakini pana tahadhari mbili. Kwanza, sharti katika usemi wa kila siku lina maana pia ya lazima, kama tusemapo sharti uje. Kwa hiyo tusiseme mwitikio wa sharti, maana msomaji atadhani ni mwitikio usioepukika, na huo ndio ule wa kuzaliwa nao, kinyume cha tunachotaka. Kiungo chenye ndicho kinachotuokoa. Pili, kitenzi kushurutisha kimekwisha kuhamia upande wa nguvu: aliyeshurutishwa amelazimishwa. Istilahi ushurutishaji, inayoonekana kama mtoto halali wa sharti, humfundisha mwalimu mtarajiwa kwamba kujifunza kwa njia ya Pavlov ni kulazimishwa. Mbwa wa Pavlov hakulazimishwa kutoa mate. Tungependelea kusema kujifunza kwa sharti, ijapokuwa ni maneno matatu badala ya moja.

Tumefika sasa kwenye istilahi iliyotufanya tuandike makala haya. B. F. Skinner, aliyetoa kitabu chake kikuu cha kwanza mwaka 1938, alichunguza jinsi tendo linavyoongezeka au kupungua kwa kutegemea yale yanayolifuata. Jambo linaloliongeza tendo huitwa kiimarishi, na kuimarisha ni neno zuri, hatuna ugomvi nalo. Skinner akagawanya uimarishaji mara mbili kwa ishara za hesabu. Kuna wa kujumlisha, ambapo tendo hufuatwa na kitu kilichoongezwa, kwa mfano sifa au chakula. Na kuna wa kutoa, ambapo tendo hufuatwa na kuondoka kwa kitu kinachoudhi. Katika namna zote mbili tendo huongezeka. Adhabu ni jambo jingine: humo tendo hupungua.

Kwa Kiswahili ishara hizo za hesabu ni chanya na hasi, na hivyo ikapatikana istilahi uimarishaji hasi. Kwa mwalimu wa hesabu hasi ni upande wa kushoto wa sifuri. Lakini neno limekwisha kutoka darasani; magazeti na hotuba hulitumia kwa maana ya ubaya, kama vile mtazamo hasi, matokeo hasi, athari hasi. Basi mwanachuo akikuta uimarishaji hasi atauelewa vipi, isipokuwa kuwa ni kumwimarisha mtoto kwa njia mbaya, yaani kwa ukali? Na ukali shuleni una umbo moja linalojulikana. Hivyo istilahi iliyokusudiwa kueleza nafuu ya kuondolewa maudhi husomwa kama jina la kitaalamu la kiboko.

Yafaa tukiri kwamba hata wanachuo wanaosoma kwa Kiingereza hukosea hapa, na walimu wao hulalamika kila mwaka. Lakini kosa la Waingereza si sababu ya sisi kulifasiri. Na kwetu lina madhara yake. Kenya iliondoa adhabu ya viboko mashuleni mwaka 2001. Tanzania haikufanya hivyo. Kanuni za mwaka 2002 ziliiwekea mipaka, viboko visizidi vinne na mamlaka yakiwa kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Mwalimu kijana anayeondoka chuoni akiamini kwamba saikolojia imeuhesabu uchapaji kuwa tawi la uimarishaji amepewa hoja ambayo mtaalamu mwenyewe hakuwa nayo. Skinner alikuwa mpinzani wa adhabu, na aliandika wazi kwamba huzuia tendo kwa muda tu na kuleta madhara mengine.

Nadharia yenyewe, ikieleweka sawasawa, ingemwambia mwalimu huyo jambo tofauti. Tuchukue mtoto anayeogopa kuchapwa kwa sababu hakumaliza hesabu zake. Asubuhi anafika njia panda, na badala ya kwenda shuleni anaelekea mtoni. Hofu inaondoka. Kuondoka kwa hofu ndiko uimarishaji wa kutoa, na kilichoimarishwa ni utoro. Kesho atakwenda mtoni tena kwa wepesi zaidi. Mwalimu aliyedhani kwamba anaimarisha bidii kwa kiboko amekuwa akiimarisha njia ya mtoni. Katika mtaala mzima wa saikolojia ya mwanzo hatujui somo lenye faida kubwa zaidi kwa mwalimu wa shule ya msingi, na istilahi mbaya inamziba macho asilione.

Pendekezo letu ni kuziacha chanya na hasi katika mlango huu, na kusema uimarishaji kwa kuongeza na uimarishaji kwa kuondoa. Kuhusu upande wa pili, twashauri adhabu nalo liachwe. Adhabu kwa Mswahili lina mkosaji, lina kosa na lina mwenye haki ya kuadhibu. Ni neno la mahakamani na la akhera. Kwa Skinner hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Mtoto aliyegusa chungu cha moto na asikiguse tena amepata kile ambacho nadharia inakiita kwa jina la adhabu, lakini hakuna mtu angesema kwamba chungu kimemwadhibu. Kwa kuwa tunacho kiimarishi, kwa nini tusiwe na kidhoofishi? Udhoofishaji kwa kuongeza (kukemewa, kuungua) na udhoofishaji kwa kuondoa (kunyimwa mchezo) vingekaa vizuri sambamba na wenzao. Adhabu lingebaki huru kumaanisha adhabu, na mwalimu anayechapa angejua kwamba anaadhibu.

Yako maneno mengine tutakayoyapitia upesi. Motisha liliingia likiwa na maana ya msukumo wa ndani wa mtu, lakini katika ofisi zetu limekuwa ni posho. Mtumishi akisema hakuna motisha, mhasibu ndiye anayegeuka kumtazama. Kwa nadharia ya Abraham Maslow ya mwaka 1943, inayoanza na njaa na kiu, afadhali tuseme msukumo. Hisi na hisia zimetenganishwa kwa herufi moja tu, nazo katika mhadhara husikika kama neno moja; mhemko latosha kwa furaha, hofu na hasira, na hisi libaki kwa macho, masikio na wenzao. Operesheni, kwa lile tendo la akili alilolieleza Piaget, halifai hata kidogo. Kwa Mtanzania mwenye umri wa kutosha operesheni ni kuhamishiwa kijijini mwaka 1974, na kwa wengine wote ni kisu cha daktari.

Dhana moja inayostahili kusimama kidogo ni ule uhusiano wa mtoto mchanga na mlezi wake, uliofanywa maarufu na John Bowlby wa Uingereza. Wapo waliouita uambatishaji, na kwa mtumishi wa serikali jambo hilo huleta kicheko, maana kiambatisho ni karatasi inayofuata barua. Lisilokumbukwa ni kwamba sehemu kubwa ya uchunguzi wa awali ulifanyika hapa kwetu. Mary Ainsworth aliwafuatilia akina mama na watoto wao katika vijiji vya Buganda katika miaka ya 1954 na 1955, na kitabu chake juu ya utoto nchini Uganda kilitoka mwaka 1967. Mtoto wa Kiganda aliyemwangalia mama akiondoka, akalia, kisha akatulia alipobebwa tena, ni mmoja wa waanzilishi wa nadharia hiyo. Twapendekeza mfungamano.

Fahamu limegawanywa kupita kiasi. Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Hospitalini mgonjwa hupoteza fahamu. Katika mtihani kuna maswali ya ufahamu. Kisha anakuja Freud na sehemu ya nafsi isiyojijua, nayo ikafasiriwa kuwa akili isiyo na fahamu. Msomaji humwona mtu amelala kitandani, amezirai, kumbe Freud anamzungumzia mtu aliyesimama wima akifanya kazi zake. Nafsi fiche ingekuwa bora. Kadhalika, wale wanaoandika ego kwa kudhani kwamba wanamfuata Freud, hawamfuati. Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1923, alitumia viwakilishi vya kawaida vya Kijerumani anavyovijua kila mtoto. Kilatini kiliwekwa na wafasiri wa Kiingereza, jambo ambalo Bruno Bettelheim alilikosoa kwa ukali mnamo mwaka 1982. Mimi, kwa herufi kubwa, lingetosha. Ugumu uko kwa yule mwenzake asiye na jina, kwa kuwa Kiswahili hakikubali kiwakilishi kisicho na ngeli. Sisi tungejaribu Kile, na tungefurahi kusikia la mwingine.

Limebaki akili, na hili lina uzito wa pekee. Alfred Binet na Theodore Simon walitunga jaribio lao mwaka 1905, Ufaransa, ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Kilichopimwa ni jinsi mtoto alivyojibu maswali fulani siku fulani. Lewis Terman wa Marekani alilirekebisha mwaka 1916, na alama zake zikaanza kuchukuliwa kama kimo cha mtu, kitu asichoweza kukibadili. Kwa Kiswahili tumeita hicho kipimo cha akili, kana kwamba akili ni kitambaa na jaribio ni yadi. Lakini akili kwetu ni pana. Mtoto aliyempita mzee bila kumwamkia huambiwa hana akili, hata akiwa wa kwanza darasani. Methali yasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na si Waswahili pekee: Mallory Wober aliandika mwaka 1974 kwamba kwa Waganda mwenye akili ni mtu wa taratibu na utulivu, na Elena Grigorenko na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba Wajaluo wa Kenya wana maneno manne yanayoshirikiana eneo hili, moja wapo likiwa ni heshima. Katika uchunguzi mwingine wa mwaka huo huo kati ya watoto wa Kijaluo, wale waliozijua vizuri dawa za miti shamba walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati. Hawakuwa hawana akili. Walikuwa na ile ambayo jaribio halikuuliza.

Kwa hiyo katika ripoti inayokwenda kwa mzazi isiandikwe akili ya mtoto ni kadhaa. Iandikwe kwamba mtoto amepata alama kadhaa katika jaribio fulani, na jaribio litajwe kwa jina. Ni sentensi ndefu zaidi, lakini ni ya kweli.

Majina ya watoto wanaobaki nyuma yanatisha zaidi. Historia ya Kiingereza ni onyo: maneno matatu ambayo leo ni matusi matupu yalikuwa istilahi rasmi za wapimaji mwanzoni mwa karne ya ishirini, moja wapo likiwa limebuniwa na Henry Goddard mwaka 1910, na hata neno lililokuja kuyafuta lilibidi liondolewe katika sheria za Marekani mwaka 2010. Sisi tunayo punguani, zezeta na taahira, na hakuna mtu mwenye adabu anayependekeza hayo. Tatizo letu ni mtindio wa ubongo, neno la upole ambalo limebebeshwa watoto wa namna mbili. Yuko mtoto ambaye viungo vyake havimtii, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo iliumia kabla, wakati au mara baada ya kuzaliwa; huyu aweza kuwa na uwezo kamili wa kusoma, asipate tu kushika kalamu au kutamka vizuri. Na yuko mtoto ambaye kujifunza kwenyewe ndiko kugumu. Kwa kuwa wote wawili wameandikwa kwa jina moja, wa kwanza hupelekwa anakopelekwa wa pili, au hapelekwi popote, na ushahidi dhidi yake ni neno lenyewe: si limesema kwamba ubongo umetindia?

Tunashauri mtindio wa ubongo uachiwe yule wa kwanza, kwani kliniki na wazazi wengi wamekwisha kulizoea kwa maana hiyo, na maelezo ya kwamba ni shida ya mwendo yatolewe kila linapotajwa. Wa pili aandikwe mwenye ulemavu wa akili. Na tungependa mabadiliko hayo yaanzie katika fomu za kuandikishia watoto darasa la kwanza kabla ya kufika katika vitabu vya vyuo. Kitabu cha chuo kina mwalimu wa kukieleza. Fomu hujazwa Januari na mtu mwenye foleni ndefu mbele yake, naye huandika neno lililochapwa.